Gari la kwenye picha: historia fupi ya spoti ya mtu asiye na hela

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Zamu za usiku zimenibana, na mtu ukitoka zamu ya masaa kumi na mbili hata jina lako unaliandika kwa kukosea. Ila leo niko mapumziko, mvua inanyesha kama ilivyo desturi ya Ukerewe, chai ya tangawizi ipo mezani, na nina deni kwenu.

Deni lenyewe ni ile picha. Nilimtumia mdogo wangu picha moja tu, nimesimama kando ya gari dogo jekundu, milango miwili, paa limefunguliwa. Jua halijazama, picha imeshazunguka ukoo mzima kuanzia Korogwe mpaka Mbagala. Shangazi akaandika, "Hongera mwanangu, umeula!" Binamu zangu wakaanza kuniita bosi. Baba mdogo yeye hakuandika hongera. Aliuliza hivi: kama mambo yamefikia kwenye magari ya spoti, mbona bati za nyumba ya bibi bado nusu?

Sikumjibu siku ile. Swali lake ni la haki, na nilitaka kulijibu vizuri, si kwa mistari miwili ya simu. Tena kosa si lake. Sisi tulioko nje ndio tuliowafundisha watu wa nyumbani kuzisoma picha vibaya. Mnazikumbuka zile picha za miaka ya kubeba boksi: kijana kavaa koti la kuazima, kaegemea gari la jirani ambalo hata kitasa chake hajawahi kukigusa, anacheka. Nyumbani picha ikawekwa kwenye albamu na hesabu ikapigwa: gari lile, basi hela ipo. Halafu yule wa kwenye picha akipigiwa simu ya msiba anaanza kujiumauma.

Basi leo nataka niwaeleze gari hili ni nini hasa na limetoka wapi. Nilipoanza kulitafuta nilisoma historia yake kwa kuogopa kuuziwa kimeo tu. Lakini nikakuta historia yenyewe ndiyo inayomjibu baba mdogo. Kaeni vizuri.

YALIANZA NA BAISKELI

Mimi naishi karibu na mji wa Oxford. Mwaka 1893, kijana wa miaka 16 aitwaye William Morris alianza kutengeneza baiskeli za watu hapa hapa, mtaji wake pauni 4. Baiskeli zikazaa pikipiki, pikipiki zikazaa gereji, na mwaka 1913 akatoa gari lake la kwanza. Kiwanda chake kilikuwa Cowley, pembeni ya mji, na mpaka leo pale magari yanatengenezwa, ingawa sasa ni MINI za kampuni ya BMW.

Gereji zake za mjini ziliitwa Morris Garages. Mwaka 1922 umeneja wake ulishikwa na Cecil Kimber. Huyu Kimber alichukua Morris za kawaida, zile za karani na mwalimu, akazivalisha bodi nyepesi, akazichokonoa kidogo injini na springi, akaziuza kwa jina la MG, yaani herufi za mwanzo za gereji yenyewe. Mwaka 1928 kwenye maonyesho ya magari mjini London akaonyesha MG Midget. Ukilivua bodi lilikuwa ni Morris Minor ya wakati ule: injini ya cc 847, nguvu za farasi 20 tu. Bodi yake ilikuwa ya mbao iliyofunikwa kitambaa. Bei pauni 175.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kabla yake, gari la spoti lilikuwa mchezo wa mabwana wenye mashamba na majumba. Kimber hakuwa na hela ya kubuni injini mpya kuanzia mwanzo, akatumia kilichopo stoo. Na hii ndiyo siri ya ukoo wote wa magari haya hadi leo: gari la spoti la bei ndogo ni gari la kawaida lililovuliwa koti. Viti viwili badala ya vitano, uzito mdogo, halafu ile injini ya kawaida inajisikia kama imekunywa kahawa.

Niseme na jambo moja la kikazi. Morris baadaye alipewa cheo akaitwa Lord Nuffield, na hakujaliwa mtoto. Polio wakati ule ilikuwa inawalegeza watu misuli ya kupumua, wanakufa huku wanajiona. Mwaka 1938 alikubali kiwanda cha Cowley kitengeneze mashine za kupumulia zilizobuniwa na Edward Both wa Australia: sanduku la mbao, mgonjwa analazwa ndani, kichwa kinabaki nje. Akazitoa bure kwa hospitali za Uingereza na makoloni yake zilizoomba, na zilizidi elfu moja. Mimi nikisikia watu wanasema magari ni upuuzi wa wanaume, huwa nakumbuka sanduku lile.

GARI LA KUTAFUTIA DOLA

Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa hoi kwa madeni. Chochote kinachouzika nje kiliuzwa nje, na Wamarekani walikuwa na dola. MG TC iliyoanza mwaka 1945 ilitengenezwa kama 10,000. Iliyofuata, MG TD ya 1950 hadi 1953, ikakaribia 30,000, na nyingi zilipandishwa meli kwenda Marekani. Gari dogo lililobuniwa kwa mwenye hela kidogo likawa linailetea nchi fedha za kigeni, kama mkonge ulivyokuwa kwetu Tanga.

Mwaka 1958 kiwanda cha MG kilichopo Abingdon, mji mdogo kusini mwa Oxford, kilianza kuunda Austin-Healey Sprite, iliyobuniwa na Donald Healey. Hii ndiyo inayonichekesha kuliko zote, maana ubahili wake hauna aibu. Injini na gia boksi zilitoka kwenye Austin A35. Usukani ulitoka kwenye Morris Minor, ile mpya ya mwaka 1948 ambayo wazee wa nyumbani wanaikumbuka. Buti halina mfuniko: mzigo unausukumia kwa ndani, nyuma ya viti. Mlango hauna kitasa cha nje: unaingiza mkono ndani ndipo unafungua. Taa mbili za mbele zimesimama juu ya bonneti kama macho ya chura, na Waingereza wakaliita hivyo hivyo, jicho la chura.

Halafu ikaja MGB, mwaka 1962 mpaka 1980. Hii ilivuka magari 500,000. Injini yake ya cc 1,798 ilitoka kwenye ukoo uleule wa injini za magari ya familia. Lakini MGB ilikuja na kitu ambacho nawaomba mkikumbuke, tutakirudia: tofauti na MG nyingi zilizotangulia, haikuwa na chesisi ya kujitegemea chini yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa.

KIFO CHA ABINGDON

Mwaka 1968 makampuni mengi ya magari ya Uingereza yaliunganishwa yakawa British Leyland, na mwaka 1975 serikali ikaichukua kwa sababu ilikuwa inazama. MG na Triumph, waliokuwa wakishindana miaka yote, wakajikuta chini ya tajiri mmoja asiye na hela ya kuwalisha wote. Gari jipya la Abingdon halikuja. MGB ikazeeka ikiwa bado inauzwa kama mpya.

Marekani nayo ilikuwa imeweka masharti ya usalama. Mwaka 1974 MGB ikavalishwa bampa kubwa nyeusi za mpira, na gari zima likainuliwa juu ili bampa zifikie kimo kilichotakiwa. Gari lililosifika kwa kushika kona likaanza kuyumba kama daladala iliyojaza. Mwishoni mwa miaka ya 70 thamani ya pauni ikapanda, na kila gari lililouzwa Marekani likawa linaleta hasara. Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kikafungwa. Triumph Spitfire nayo ilikoma mwaka huo huo, na Triumph TR7 mwaka 1981. Waliobuni spoti ya mtu wa kawaida wakawa wameacha kuitengeneza.

DATSUN YA MZEE

Wajapani walikuwa wanaangalia. Nissan ilitoa Datsun 240Z mwaka 1969, na aliyeipigania sana iuzwe Marekani alikuwa Yutaka Katayama, mkuu wao kule. Injini yake ya silinda sita ilikuwa ya ukoo uleule wa injini za Datsun za kawaida. Marekani ilianza kuuzwa kwa dola 3,526, na watu wakapanga foleni.

Hapa wazee wa nyumbani wameshatabasamu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 ilikuwa bado inaingia kwetu. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishinda, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hii na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mehta alizaliwa Uganda, akahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Baadaye akashinda tena mfululizo, 1979 hadi 1982. Mara tano jumla.

Mnajua mzee wangu alikuwa fundi gereji maisha yake yote. Datsun 240Z hakuwahi kuimiliki, wala hakuwahi kukaa ndani yake. Lakini mimi nimekua nikisikia habari zake kuliko habari za babu yangu. Alikuwa akisema ile haikuwa mashine ya ajabu, ilikuwa Datsun kama Datsun nyingine, ila waliomaliza kazi yao hawakuiharibu kwa mapambo. Nilipomwambia nataka kutafuta gari la spoti, swali lake la kwanza lilikuwa kama naweza kupata Datsun ile. Nikamweleza kwamba bei ya iliyo nzima sasa hivi haigusiki kwa mshahara wa nesi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi tafuta ambayo bado hawajaanza kuikumbuka."

HIROSHIMA WANAKUMBUKA

Iliyo kwenye picha ni Mazda MX-5. Asili yake ni maongezi. Mwaka 1979 mwandishi wa magari wa Marekani, Bob Hall, alikuwa Hiroshima akizungumza na Kenichi Yamamoto, mmoja wa wakubwa wa Mazda. Yamamoto akamuuliza Mazda itengeneze nini. Hall akamjibu kwamba hakuna tena anayetengeneza zile spoti ndogo za Kiingereza za paa la turubai, basi watengeneze hiyo. Mwaka 1981 Hall akaajiriwa na Mazda kule California, na wazo likaanza kusukumwa.

Februari 1989 gari likaonyeshwa Chicago. Injini mbele, nguvu zinapelekwa magurudumu ya nyuma, viti viwili, turubai unalifungua kwa mkono, uzito haufiki tani moja. Na injini? Cc 1,600, ya ukoo wa injini za Mazda 323. Ndiyo, 323 ile ile mnayoijua, ya mwalimu mkuu na ya kasisi. Ni kazi ya Kimber ile ile ya mwaka 1928, imefanywa upya na watu wa Hiroshima, tofauti ikiwa kwamba hii haivuji oili na inawaka asubuhi ya baridi.

Wengine wakafuata haraka. Mwaka 1995 MG wenyewe wakarudi na MG F, lakini MG Rover ikafilisika Aprili 2005, na leo jina la MG ni mali ya kampuni ya Kichina, SAIC. MX-5 ikaendelea. Mwaka 2000 iliingia kwenye kitabu cha Guinness kama spoti ya viti viwili iliyouzwa kwa wingi kuliko zote duniani, na mwaka 2016 ya milioni moja ikatoka kiwandani.

Milioni moja, ndugu zangu. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi namna hiyo hakiwezi kuwa cha matajiri. Spea zimejaa kila mahali, za kiwandani na za magari yaliyokufa, kila fundi anakijua, na bei ya kilichotumika inashuka mpaka kwa watu kama mimi.

KWA NINI NI RAHISI, NA INAKUUA WAPI

Sasa rudini kwenye lile nililowaambia la MGB, kwamba bodi ndiyo mifupa. MX-5 nayo ni hivyo. Huku kipindi cha baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Chumvi ile inaingia chini ya gari na kutafuna bati kimya kimya. Kwenye MX-5 inaanzia kwenye zile kingo za bodi zilizo chini ya milango, hasa karibu na magurudumu ya nyuma. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye turubai yana mirija yake ya kutokea nyuma ya viti. Mirija ikizibwa na majani, maji yanaingia kwenye zile kingo na kuziozesha kutoka ndani. Kwenye zile za 1998 hadi 2005 kuna na mihimili ya mbele inayoshika injini, nayo huoza.

Mzee wangu aliponiambia, "Injini inanunuliwa, bodi haishonwi," nilidhani ni maneno ya wazee. Baadaye nikaelewa. Injini ya gari hili ni ya Mazda ya kawaida, ikifa unapata nyingine. Kingo zikioza, kuzichomelea upya kunaweza kuzidi bei ya gari zima. Kwa hiyo mtu mwenye bajeti ndogo hasikilizi mlio wa injini kwanza. Analala chini.

Hapo Waingereza wamenisaidia. Mwaka 1960 Waziri wa Usafirishaji, Ernest Marples, alianzisha ukaguzi wa lazima kwa magari ya zaidi ya miaka 10, unaoitwa MOT. Kufikia 1967 gari likishafika miaka 3 lazima likaguliwe kila mwaka. Siku hizi ukiingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali unaona bure ukaguzi wake wote kuanzia 2005: lilipita, lilifeli, kwa nini, lilikuwa limetembea maili ngapi, na mkaguzi alionya nini. Mimi nikaona, kumbe hili ni faili la mgonjwa! Faili najua kulisoma.

MAGARI MATATU

La kwanza lilikuwa MGB ya 1977, ya mzee mmoja mpole. Zuri kweli, rangi ya kijani. Nilikuwa na sumaku ndogo nimeifunga kitambaa, nikaipitisha kwenye kingo chini ya mlango. Inashika, inashika, halafu inadondoka. Pale hapakuwa na bati, palikuwa na puti na rangi. Nikamshukuru mzee, nikanywa chai yake, nikaondoka.

La pili lilikuwa MX-5 ya 1996. Kwenye faili, miaka mitatu mfululizo mkaguzi ameandika kutu karibu na gurudumu la nyuma kushoto. Mwaka wa nne maneno yale hayapo. Nikamuuliza muuzaji risiti ya kuchomelea, hana. Chini ya gari pamepakwa lami nyeusi mbichi. Kidonda kilichofungwa bandeji safi bila kusafishwa nimekiona mara nyingi kazini. Tena bonneti ilikuwa ya moto nilipofika, maana yake alikuwa ameliwasha mapema nisisikie linavyoamka. Mgonjwa aliyepewa dawa ya maumivu kabla daktari hajafika, utampima nini?

La tatu ndilo hili, MX-5 ya 2002, cc 1,600. Nililiona Januari, makusudi, maana wakati wa baridi hakuna anayetaka gari la turubai na bei hulegea. Mzee alikuwa kwenye simu ya video, mimi nimelala kwenye changarawe nikimulika na tochi, yeye Korogwe anasema, "Sogea nyuma, mulika pale, gonga kwa kidole, tena." Mwenye gari alikuwa anashangaa tu. Nikamwaga kikombe cha maji nyuma ya viti nione kama yatatokea chini. Kushoto yalitoka. Kulia yakabaki, mrija umeziba. Lakini kingo zilikuwa nzima. Alitaka pauni 1,900, nikamwonyesha zulia bichi upande wa kulia, tukamalizana kwa 1,650.

Nikatumia 420 nyingine: mkanda wa taimingi, tairi mbili, na kuzibua mirija. Jumla pauni 2,070. Hela hiyo nilikuwa nimeitenga kabla, maana gari la zamani lina bei mbili, ya muuzaji na ya fundi, na anayebeba hela ya moja tu anaishia kuliegesha. Na wenzangu mlioko London muangalie jambo hili: petroli nyingi za kabla ya 2006 hazifuzu masharti ya moshi ya ULEZ, na tangu Agosti 2023 ada ya pauni 12.50 kwa siku ni ya London nzima. Huku kwangu haipo.

JIBU KWA BABA MDOGO

Baba mdogo, shikamoo. Sasa najibu.

Pauni 2,070 zingemaliza bati za bibi. Ni kweli, sitazunguka. Lakini gari nilikuwa lazima ninunue. Zamu ya mchana inaanza saa moja asubuhi, na basi la kijiji ninachokaa halifiki mapema hivyo. Mwaka mzima nimekuwa nikilipia teksi au kuomba lifti kwa wenzangu, na lifti huku ina mwisho wake. Toyota Yaris ya umri huo huo, iliyotembea maili hizo hizo, walikuwa wanaitaka pauni 1,800, kwa sababu Yaris inabeba watoto na kila mtu anaitaka. Hili halibebi watoto, likinyesha linapiga kelele kama bati lenyewe, na nikija kuwapokea uwanja wa ndege itabidi mchague: nije na nyie au na mizigo. Ndiyo maana likawa rahisi.

Kwa hela ya hilo gari, hapo Dar hata IST iliyochoka huipati. Na msiseme nililete nyumbani. Ushuru wa gari kuukuu utanimaliza, na tumbo lake lipo chini kiasi kwamba tuta la kwanza tu litalichukua.

Sitadanganya kwamba nililinunua kwa hesabu peke yake. Kuna asubuhi natoka zamu ya usiku, wodi ilikuwa nzito, tumempoteza mtu. Nafungua turubai hata kama kuna baridi, nawasha hita, napita njia ya mashambani kuelekea nyumbani. Dakika ishirini na tano. Sijui kuzieleza zaidi ya hapo. Kimber alijua mwaka 1928 kwamba karani naye anazihitaji, na hakufanya kosa kumtengenezea.

Ila naomba msamaha kwa ile picha. Niliituma bila neno, nikawaachia mzisomee bei wenyewe, kama walivyofanya wale wa koti la kuazima. Kuanzia leo picha nikituma nitaiandikia bei chini. Bati za bibi nimeongea na fundi, zilizobaki namtumia kwa mafungu mawili, na la pili litafika kabla ya vuli. Hiyo nimeiandika hapa mbele ya ukoo wote ili mnishike.

Mzee nilimtumia picha yake mwenyewe, ya chini ya gari, lipo juu ya jeki. Akakaa nayo siku nzima. Jioni akajibu kwamba upande wa kulia nirudie kupaka mafuta kabla ya baridi.

Nawasalimu wote, bibi mpeni mkono wangu. Tutaonana hapa hapa panapo majaliwa.